LESENI MFUKONI, KAZI BADO: SAFARI YA RUBANI MGENI

Na mwanachama wa zamani wa Chama cha Kiswahili

Mlezi wa Chama ameniomba niandike machache kuhusu kazi ninayoifanya, kwa maana kila mwaka wanafunzi wanapoulizwa wangependa kuwa nani maishani, hakosekani wa kusimama na kusema, "Rubani, mwalimu!" Ukimwuliza atafikaje huko, atakujibu mara moja: unaenda shule ya urubani, unapata leseni, unaajiriwa. Basi, yamekwisha.

Jibu hilo si la uongo, lakini lina pengo. Kati ya kupata leseni na kuajiriwa kuna bonde refu. Ndani ya bonde hilo kuna vijana wenye leseni halali wanaouza simu mjini, na kuna wazazi waliouza mashamba ambao mpaka leo majirani huwauliza, "Kwani yule mtoto wenu haruki bado?" Nia yangu katika makala haya ni kulieleza bonde hilo, ili anayetaka kulivuka ajue kina chake kabla hajatia mguu. Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Mimi ni rubani msaidizi katika shirika dogo lenye makao yake uwanja wa Wilson, Nairobi. Jina la mwajiri wangu sitalitaja, kwa sababu gazeti la shule si ubao wa matangazo ya biashara.

MASHIRIKA MADOGO NI YAPI?

Mkenya akisikia neno "shirika la ndege" hufikiria Kenya Airways, lililoanzishwa mwaka wa 1977 baada ya shirika la pamoja la East African Airways kuvunjika. Lakini si kila rubani anaanzia kwenye madege yanayovuka bahari. Walio wengi huanzia kwenye mashirika yanayosafirisha watu ndani ya nchi na nchi jirani, kwa ndege zenye rafadha, yaani zile panga zinazozunguka mbele ya injini.

Jambojet, kwa mfano, ni tawi la Kenya Airways lililoanza safari mwaka wa 2014, na hutumia ndege za Dash 8-400 zinazobeba abiria wapatao 78. Pale Wilson kuna mashirika kama Safarilink na AirKenya, ambayo hupeleka watalii na wenyeji Maasai Mara, Amboseli, Samburu, Lamu na kwingineko. Huko ndiko utakakoiona Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba watu wapatao kumi na wawili. Ni ndege ya kazi: hutua kwenye changarawe, hupaa kwenye nyasi, wala hailalamiki.

Wilson yenyewe ina historia. Mwaka wa 1929 mama mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mjini Nairobi. Kampuni hiyo haipo tena, lakini mwaka wa 1962 uwanja ulipewa jina lake. Wasichana wa shule hii, mkiambiwa ati urubani ni kazi ya wanaume, wakumbusheni hilo. Kisha waambieni pia kwamba mwaka wa 1995 Irene Koki Mutungi aliajiriwa na Kenya Airways akiwa rubani wa kwanza wa kike katika shirika hilo, na baadaye akawa kapteni wa Boeing 787.

LESENI ZENYEWE

Kabla ya leseni kuna afya. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya safari za ndege, ile tunayoiita KCAA. Huyo hukagua macho, masikio, moyo, damu na mengineyo. Wengi huamini kwamba mwenye miwani hawezi kuwa rubani. La hasha! Miwani inaruhusiwa, mradi ukiivaa uone sawasawa. Kinachowakwamisha wengine ni kutotofautisha rangi, kwa sababu taa nyekundu, kijani na nyeupe za uwanjani kila moja ina maana yake.

Leseni ya kwanza ni ya rubani wa binafsi. Umri ni miaka 17 kwenda juu, na lazima uwe umeruka angalau saa 40. Leseni hii haikuruhusu kulipwa hata senti moja kwa kuruka. Unaweza kumpeleka shangazi yako matembezini, lakini humtozi nauli.

Ya pili ni leseni ya biashara. Umri ni miaka 18, na saa zinazotakiwa kwa kawaida ni 200, au 150 kwa aliyefuata mafunzo ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Kuna mitihani ya karatasi pia: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, injini na mifumo ya ndege, uzito na mizani, na hata tabia ya mwili na akili ya binadamu awapo angani. Wale mnaokimbia Fizikia na Hisabati, hapa ndipo mtakapozikuta zinawangoja. Juu ya leseni hii huongezwa vibali viwili ambavyo waajiri wengi huviulizia: kibali cha kuruka kwa kusoma vyombo tu, wakati wingu limekufunika huoni nje, na kibali cha ndege ya injini mbili.

Ya tatu ni leseni ya rubani wa mashirika, inayohitaji miaka 21 na saa 1,500. Hiyo ndiyo ya kapteni wa ndege inayohitaji marubani wawili. Rubani msaidizi anaweza kuanza na ile ya biashara.

Gharama ya kufika kwenye leseni ya pili, pamoja na vibali vyake, huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kwetu nyumbani ziliuzwa ng'ombe, mjomba akachanga, kanisa likafanya harambee, na bado mkopo wa chama cha akiba ukachukuliwa juu yake. Siku nilipopewa leseni kijiji kizima kilishangilia. Kuanzia siku hiyo hadi siku niliyopata mshahara wa kwanza wa kuruka ilipita miezi kumi na saba.

BONDE LA SAA

Kwa nini ikawa hivyo? Hebu tupige hesabu pamoja.

Anayemaliza chuo ana saa 200 hivi. Nyingi kati ya hizo aliziruka kwenye ndege ndogo ya watu wawili au wanne, mchana, hewa ikiwa shwari, tena mwalimu akiwa kando yake au akimtazama kutoka chini. Mwajiri naye ana ndege ya thamani kubwa na abiria waliolipa nauli. Kampuni ya bima inayoikinga ndege hiyo humwuliza: rubani wako ana saa ngapi? Saa zikiwa chache, bima hupanda au hukataliwa kabisa. Kwa hiyo si ajabu tangazo la kazi kudai saa 500, na mengine 1,000 au zaidi.

Safari ya Wilson hadi Maasai Mara huchukua kama dakika 45. Mwenye saa 200 akitakiwa awe na 500, amepungukiwa na saa 300. Hizo ni safari 400 za kwenda Mara! Kukodi ndege kwa pesa zako mwenyewe mpaka uzimalize saa hizo ni jambo lisilowezekana kwa mtoto wa mkulima. Basi kijana anajikuta kwenye fumbo: hapati kazi kwa kuwa hana saa, na hapati saa kwa kuwa hana kazi.

Nchi nyingine hulifumbua fumbo hili kwa sheria. Huko Marekani, tangu mwaka wa 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria ni lazima awe na saa 1,500. Aliyesomea urubani katika chuo kikuu kilichoidhinishwa akapata shahada hupunguziwa hadi 1,000, na aliyetoka jeshini hadi 750. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa huko hufundisha urubani mwaka mmoja au miwili kwanza, ndipo wabishe hodi kwenye mashirika madogo. Kwetu sheria haidai hivyo. Anayeamua hapa ni mwajiri na bima yake.

NJIA ZA KUVUKA

Nimeziona njia nne, na nitazitaja zote bila kupamba.

Njia ya kwanza ni ualimu wa urubani. Unaongeza cheti cha kufundisha, kisha unawafundisha wanaoanza. Saa hupatikana, na isitoshe, mtu hulielewa somo barabara anapomfundisha mwenzake. Kasoro yake ni kwamba cheti hicho nacho kina gharama, na nafasi za walimu ni chache.

Njia ya pili ni kazi ya ofisini au uwanjani katika kampuni ya ndege. Hii ndiyo iliyonivusha mimi. Nilizunguka Wilson banda kwa banda nikiwa na bahasha za kahawia, nikiacha barua na nakala za vyeti. Mara nyingi askari wa lango alizipokea yeye. Hatimaye kampuni moja ilinipa kazi ya kupima mizigo na kuandika orodha za abiria. Rafiki zangu walicheka: "Rubani mzima wewe unapima mabegi?" Nami nikawajibu kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nilipima mabegi hayo mwaka mzima, na mkuu wa marubani akaniona kila alfajiri saa kumi na moja nikiwa kazini kabla ya wengine.

Njia ya tatu ni ndege za mizigo na misaada. Kutoka Kenya hupelekwa dawa, chakula na miraa katika maeneo ambako barabara ni mbovu au hatari. Ni kazi yenye saa nyingi, lakini hutegemea sana hali ya nchi jirani. Mwaka wa 2020 Somalia ilizuia miraa yetu kuingia, na biashara hiyo haikufunguliwa tena mpaka mwaka wa 2022. Ndege zilizoishi kwa mzigo huo mmoja zililala, na marubani wake vilevile.

Njia ya nne ni kiti cha kulia cha Caravan. Ndege hii inaweza kurushwa na rubani mmoja, lakini wateja wengi wa utalii hutaka wawili, hivyo kampuni huweka kijana kando ya kapteni. Hapo utajifunza mengi kuliko chuoni. Lakini jihadhari: saa za msaidizi katika ndege ya namna hii hazihesabiwi sawa na za anayeongoza. Ulizia kanuni kwanza, ndipo ujaze daftari lako la safari.

Hapa niseme neno moja juu ya daftari hilo. Wako wanaojaza saa ambazo hawakuruka. Sisi huziita saa za kalamu. Wanasahau kwamba kila ndege ina daftari lake, na mnara wa kuongozea ndege una kumbukumbu zake, na bima ina watu kazi yao ni kulinganisha. Aliyekamatwa na saa za kalamu hana tena mlango wa kubisha, maana Wilson ni kijiji, na habari huvuma pale kuliko injini.

MWAJIRI ANATAFUTA NINI HASA?

Wengi hudhani anatafuta shujaa. Hapana. Anatafuta mtu wa kuaminika. Nitaeleza kwa mfano wa kweli, na ndio uliozaa ile sheria ya Marekani niliyoitaja.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya shirika dogo la Colgan Air ilikuwa ikikaribia mji wa Buffalo. Ilikuwa Dash 8-400, aina ile ile inayoruka Nairobi na Mombasa leo. Marubani waliiacha kasi ipungue mno bila kutambua. Chombo cha tahadhari kilipoutikisa usukani kuwaonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, kapteni aliuvuta usukani kuelekea kwake badala ya kuusukuma ili pua ishuke na kasi irudi. Ndege ilianguka juu ya nyumba. Watu wote 49 waliokuwa ndani walifariki, pamoja na mmoja aliyekuwa ardhini. Uchunguzi ulionyesha pia kuwa katika dakika ambazo kanuni hutaka marubani wazungumzie kazi peke yake, hawa walikuwa wakipiga gumzo.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Marubani wote wawili walikuwa na zaidi ya saa 2,000 kila mmoja. Saa walikuwa nazo! Kilichokosekana usiku ule ni uangalifu, na mazoezi ya kutenda lililo sahihi pasipo muda wa kufikiri. Kwa hiyo saa ni kipimo cha kukufikisha mlangoni tu. Ukishaingia, mwajiri hutaka kujua umezitumiaje saa hizo, na utafanya nini mambo yakiharibika.

Ndiyo maana mkuu wa marubani hutazama vitu vidogo vidogo. Je, unasoma orodha ya ukaguzi neno kwa neno hata ndege ikiwa ile ile ya jana? Ukiulizwa usilolijua, unasema hujui na kwenda kulitafuta, au unabuni? Kapteni akisahau jambo, utamwambia kwa heshima, au utanyamaza kwa kuwa ni mzee? Katika malezi yetu mdogo hamkosoi mkubwa. Ndani ya ndege, mdogo akinyamaza watu huzikwa. Anaweza kusema kwa adabu, "Kapteni, kasi inapungua," lakini lazima aseme.

SIKU YA MAJARIBIO

Barua ikijibiwa, kwa kawaida kuna hatua nne. Ya kwanza ni ukaguzi wa karatasi: leseni, cheti cha afya, daftari la safari, cheti cha Kiingereza cha marubani chenye ngazi sita, ambapo ya nne ndiyo ya chini kabisa inayokubaliwa, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Ya pili ni mtihani wa karatasi. Ya tatu ni mahojiano. Ya nne ni kuruka, ama kwenye ndege yenyewe ama kwenye simuleta, ile mashine inayoiga ndege hali imesimama sakafuni.

Mahojiano ndiyo huwatoa watu jasho. Swali nililoulizwa lilikuwa hivi: "Uko Mara na abiria kumi na wawili. Ni saa kumi na moja jioni. Wilson kunanyesha sana. Mheshimiwa mmoja anasema lazima mwondoke sasa, ana ndege ya Ulaya usiku, tena amekuja na sanduku la ziada. Utafanya nini?"

Swali hilo lina mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni mwanga: viwanja vingi vya mbugani havina taa, kwa hiyo jua likizama mlango umefungwa. Huwezi kuondoka, ukarudi gizani. Wa pili ni mafuta: yatatosha kwenda Wilson, kungoja, kisha kwenda uwanja mwingine kama mvua haikomi? Wa tatu ni sanduku. Mzigo katika safari hizi kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu. Kila abiria akizidisha kilo 5 tu, watu kumi na wawili wamezidisha kilo 60, na hapo umebeba mtu mzima asiyekuwa kwenye orodha. Tena Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Mara nayo iko juu. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Mabawa hupata kidogo cha kushika, injini hupata kidogo cha kuvuta, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa.

Mwaka wangu wa kupima mabegi ulinisaidia hapo. Nilieleza hesabu ya mwanga, ya mafuta na ya uzito, kisha nikasema kwamba hesabu zikikataa, mheshimiwa atalala Mara, nami nitamwomba radhi kwa Kiswahili fasaha. Wote walicheka, lakini niliona mmoja akiandika.

Na kwa kuwa nawaandikia wapenzi wa Kiswahili, msidhani lugha yetu haina kazi huko. Kwenye redio twaongea Kiingereza, ndiyo. Lakini anayekwambia kwamba kuna punda milia katikati ya kiwanja ni mzee anayekilinda, naye atakwambia kwa Kiswahili, tena kwa haraka. Abiria mwenye hofu naye hutulia akiambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba kutikisika huku ni kwa mawingu tu. Rubani asiyeweza kuongea na watu ni nusu rubani.

UKISHAAJIRIWA

Msidhani siku ya kuajiriwa ndiyo siku ya kuruka. Kwanza hurudi darasani: kanuni za kampuni, mizigo ya hatari, kuokoa abiria, kufanya kazi na wenzako. Kisha huja mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha, kwa maana ndege kubwa moja si sawa na nyingine, na leseni yako lazima iandikwe aina hiyo. Baadaye huruka na kapteni mkufunzi kwenye safari za kweli, mpaka aridhike na kutia sahihi. Hata hapo hujamaliza. Mitihani ya kuruka hurudi tena na tena katika maisha yako yote ya kazi, na cheti cha afya vilevile. Ukishindwa, unakaa chini.

Mafunzo ya aina ya ndege ni ghali, hivyo kampuni nyingi hukutaka utie sahihi mkataba wa kukaa nao miaka kadhaa, au ulipe ukiondoka mapema. Soma kila kifungu kabla ya kutia sahihi. Mshahara wa kwanza nao si ule wa sinema. Wangu ulitosha kodi ya chumba kimoja, chakula, na kidogo cha kupeleka nyumbani kupunguza mkopo. Mkopo wenyewe bado tunaulipa, na nimekubaliana na baba kwamba haujawa wangu peke yangu wala wake peke yake.

KABLA YA KUUZA SHAMBA

Ndugu msomaji, kama moyo wako ungali unataka urubani, na ninatumai unataka, haya ndiyo ninayokuachia:

1. Pimwa afya kwanza. Fanya uchunguzi wa Daraja la Kwanza kabla ya kulipa karo ya chuo. Ni afadhali kujua mapema kwamba kuna kasoro kuliko kujua baada ya ng'ombe kuondoka zizini.

2. Hakikisha chuo kimeidhinishwa na KCAA, kina ndege zinazoruka, na waulize wanafunzi waliopo wanaruka mara ngapi kwa wiki. Chuo chenye ndege moja mbovu kitakula miaka yako.

3. Usilipe karo yote kwa mkupuo. Lipa kidogo kidogo kadiri unavyoruka.

4. Bajeti yako isiishie kwenye leseni. Tenga fedha za miezi ya bonde: nauli, chakula, na saa chache za kuruka ili mkono usisahau.

5. Kazi hainunuliwi. Wakati wa ile miezi kumi na saba, mtu mmoja alinifuata akidai kwamba nikimpa laki mbili ataniingiza kwenye kampuni fulani. Sikumpa. Mwenzangu alimpa, na mpaka leo simu ya mtu huyo haipatikani.

6. Uwe na ujuzi wa pili. Wapo marubani waliokuwa makanika, wahasibu, hata walimu. Ujuzi huo hukulisha bondeni, na mara nyingi ndio hukuingiza katika kampuni.

7. Soma Hisabati, Fizikia, Jiografia na lugha zote mbili kwa bidii sasa. Hayo hayana karo ya ziada.

Mzazi anayeyasoma haya asidhani namkatisha tamaa. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuitisha harambee, familia ikae chini na kuulizana maswali mawili. La kwanza: tukimaliza karo, tutaweza kumlisha huyu mtoto mwaka mmoja au miwili akitafuta kazi? La pili: asipoipata upesi, je, tutaweza kumtazama usoni bila kumlaumu? Familia ikijibu ndiyo kwa yote mawili, basi na aende. Ikijibu hapana, kuna kazi nyingi katika viwanja vya ndege: uhandisi, uongozaji wa ndege, utabiri wa hali ya hewa, upangaji wa safari. Hizo zina njia zake za kusomea, na aliyezianza anaweza kuurudia urubani baadaye kwa mshahara wake mwenyewe.

Mvumilivu hula mbivu, lakini huyo mvumilivu naye lazima awe na cha kula wakati anangoja tunda liive. Nawatakia masomo mema na mitihani yenye heri.